Hita ya maji imebadilishwa koili na imepoa tena: je, ninunue nyingine?

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Dodoma. Hita ya maji ya bafuni kwake, ya lita 50 na wati 1,500, ilifungwa miaka mitatu iliyopita na haikuwahi kufunguliwa hadi mwezi wa Juni mwaka huu, ilipoacha kupasha maji. Fundi aliyeitwa alichomoa koili, yaani kile kipande kinachopasha maji kwa umeme, akamwonyesha ilivyopasuka chini ya ukoko mzito mweupe, akafunga koili mpya. Hita ilifanya kazi siku mbili, kisha maji yakawa baridi tena. Taa ya swichi iliyo ukutani nje ya bafu inawaka, lakini taa ndogo iliyo kwenye hita yenyewe haiwaki. Fundi amerudi, ametazama, na amesema kwamba hita imekwisha, inunuliwe nyingine. Mwishoni kabisa mama huyu anaongeza, kama jambo la pembeni, kwamba usiku uliotangulia hita kupoa mara ya pili maji yalitoka ya moto kupita kiasi, bomba likawa linatema mvuke, na mtoto nusura aungue mkono. Anauliza kama akubali kununua mpya.

Mama, usinunue bado. Jambo uliloliweka mwishoni ndilo lililonipa jibu, na ningelipenda fundi wako angekuuliza habari zake kabla ya kuihukumu hita nzima. Hita ambayo tangi lake limeoza huvuja maji, na hita ambayo koili yake imekatika hupoa kimya kimya bila dalili yoyote ya kuzidi moto. Hita yako ilizidi moto kwanza, ndipo ikapoa. Huo ni mwendo wa thamostati, kile kifaa kinachokata umeme maji yakifikia joto lililochaguliwa, iliyogoma kukata, na wa kifaa kingine cha usalama kilichokata badala yake. Kwa maelezo uliyoyatoa, ninaamini kwamba tangi ni zima, koili mpya ni nzima, na kinachohitaji kubadilishwa ni kifaa kidogo ambacho bei yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya hita.

Ili uweze kuzungumza na fundi mkielewana, inafaa ujue umeme unapita wapi. Kutoka kwenye meni swichi, umeme huja kwenye swichi ya ukutani, na taa ya swichi hiyo inakuambia tu kwamba umeme umefika hapo. Kutoka hapo huingia chini ya kifuniko cha hita na kukutana kwanza na kikata joto cha usalama, kisha thamostati, kisha koili iliyozama ndani ya maji. Katika hita nyingi vifaa hivyo viwili vya kwanza vimeungwa kuwa kitu kimoja, chenye kirungu cha kuzungusha cha kuchagua kiasi cha joto na kitufe kidogo, mara nyingi chekundu, cha kurudishia umeme. Taa ya kwenye mwili wa hita kwa kawaida huungwa baada ya vifaa hivyo, sambamba na koili, kwa hiyo huwaka wakati koili inapopata umeme na kuzima maji yanapofikia joto lililochaguliwa. Taa hiyo ikiwaka huku maji yakibaki baridi, koili imekatika. Isipowaka kabisa ilhali maji ni baridi, umeme umekwama kabla ya kufika kwenye koili. Yako haiwaki, na ndiyo sababu sioni haki ya kuilaumu koili kwa mara ya pili.

Unaweza kulithibitisha hili mwenyewe bila kufungua chochote, kwa kutumia mita yako ya LUKU. Zima kila kitu ndani ya nyumba, pamoja na friji, kisha washa hita peke yake na utazame taa ndogo inayomemeta kwenye mita. Mita nyingi zimeandikwa idadi ya mimemeto kwa kila uniti moja. Ikiwa yako imeandikwa 1000 imp/kWh, hita ya wati 1,500 inapaswa kuimemetesha mara 25 kwa dakika, na hita ya wati 3,000 mara 50. Ikimemeta hivyo, hita inakula umeme, na tatizo liko upande wa maji. Isipomemeta kabisa, njia ya umeme imekatika mahali fulani kati ya swichi na koili. Nimewaelekeza watu wengi kipimo hiki kwa simu kwa sababu hakihitaji kifaa wala hakimweki mtu karibu na waya ulio wazi.

Sasa nieleze kile ninachoamini kilitokea, kwa kuwa yaliharibika mambo mawili yenye uhusiano, na fundi wako alilimaliza moja akaliacha la pili. Koili ya kwanza iliuawa na maji ya Dodoma. Kila anayeishi huko anajua maji ya visima yalivyo na chumvi. Tazama ndani ya birika lako la umeme, utaona ukoko mweupe uliogandamana chini. Ukoko huohuo hujijenga juu ya koili ya hita, na hujijenga haraka zaidi kadiri koili inavyokuwa ya moto. Ukishakuwa mnene, joto la koili linashindwa kuingia kwenye maji kwa kasi inayotakiwa, kwa hiyo koili yenyewe inazidi kupata moto ndani ya ganda lake hadi bomba lake linapasuka au waya wa ndani unakatika. Miaka mitatu bila kufunguliwa, kwa maji ya namna hiyo, ni muda mrefu. Fundi alikuonyesha ushahidi sahihi, na kuibadilisha ile koili lilikuwa jambo la haki.

Alichokiacha ni thamostati. Kifaa hiki hufunga na kufungua njia ya umeme mara nyingi kila siku, na kila kinapofungua, cheche ndogo hupita kati ya vidole vyake viwili vya chuma. Baada ya miaka, vidole hivyo huchakaa, huungua nyuso zake, na siku moja hushikana na kukataa kuachana. Hapo maji hufikia nyuzi 60, nyuzi 70, nyuzi 80, na koili haiambiwi kupumzika. Kikata joto cha usalama, ambacho hakisikilizi kirungu ulichokizungusha, hungoja hadi joto lifikie kiwango kilichowekwa kiwandani, mara nyingi kati ya nyuzi 80 na 95, kisha hukata umeme na kubaki kimekata hadi mtu akibonyeze kwa mkono. Kumbuka kwamba Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka yakifika nyuzi 96 hivi. Kwa hiyo maji ya nyuzi 90 yamebakiza kidogo sana kuchemka, na ule mvuke uliouona bombani haukuwa wa ajabu.

Kuna uwezekano wa pili ambao sina budi kuutaja, kwa sababu hitilafu ilikuja siku mbili tu baada ya mkono wa fundi kuingia mle ndani. Thamostati hupima joto kwa ufito mwembamba, au kwa kijibomba chenye kichwa cha shaba, unaoingia ndani ya kishimo chake maalumu kando ya koili. Fundi akibadilisha koili na kuurudisha ufito huo nusu tu, au akiuacha ukining'inia nje ya kishimo, thamostati hupima hewa iliyo chini ya kifuniko na kudhani kwamba maji bado ni baridi. Matokeo yake ni yaleyale: maji huzidi moto hadi kikata joto kinakata. Kwa hiyo jambo la kwanza atakaloliangalia fundi akifungua kifuniko, hata kabla ya kutoa mita yake, ni kama ufito umezama hadi mwisho wa kishimo chake.

Kazi yenyewe ifanywe hivi, na ifanywe na fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, si na kijana yeyote anayepita na bisibisi. Azime meni swichi, si swichi ya ukutani peke yake, kwa kuwa nimekuta nyumba ambazo swichi hiyo imefungwa ikikata waya mmoja tu, tena usio sahihi. Afungue kifuniko, kisha apime kwa multimita kwenye vituo vya hita kuhakikisha kwamba hakuna umeme, kabla ya kugusa kitu kwa kidole. Achomoe waya za koili na apime ukinzani wake: koili ya wati 1,500 kwa umeme wa volti 230 inapaswa kusoma omu 35 hivi, ya wati 2,000 omu 26 hivi, na ya wati 3,000 omu 17 au 18. Ikisoma hivyo ni nzima. Kisha apime kati ya kituo cha koili na mwili wa chuma wa hita, mahali ambapo mita haipaswi kuonyesha njia yoyote; ikionyesha hata omu elfu chache, ganda la koili limepasuka na umeme unavuja kwenye maji, na hapo koili hiyo mpya irudishwe dukani.

Koili ikiwa nzima, aitoe thamostati na aipime ikiwa mkononi. Akibonyeza kitufe chekundu na kusikia kikirudi kwa mlio mdogo, tumethibitisha kwamba ni kikata joto kilichokata. Baada ya hapo azungushe kirungu hadi joto la chini, aweke mita kati ya vituo viwili vya thamostati, na atumbukize ncha ya ufito kwenye kikombe cha maji yaliyotoka kuchemka, akivikinga vituo visipate maji. Thamostati nzima itakata ndani ya muda mfupi, na mita itaonyesha njia imefunguka. Ikiwa ufito umo kwenye maji ya moto na kirungu kiko chini, lakini mita bado inaonyesha njia imefungwa, vidole vyake vimeshikana, na hapo hakuna tena la kujadili. Kipimo hiki huchukua dakika kumi. Ninasikitika kila ninaposikia hita imetupwa bila kufanyiwa kipimo cha dakika kumi.

Hapa nakuomba unisikilize kwa makini. Baadhi ya mafundi, wakishagundua kwamba kitufe chekundu kinakata mara kwa mara, humhudumia mteja kwa kuondoa usumbufu: hukata kipande cha waya na kuunga njia moja kwa moja, umeme ukakiruka kikata joto na kuingia kwenye koili. Nimewahi kufungua hita nyumbani kwa watu na kukuta kipande cha namna hiyo, kimefungwa vizuri kwa utepe mweusi, na wenye nyumba hawakuwa na habari. Hita iliyofanyiwa hivyo, siku thamostati yake ikishikana, haina tena cha kuizuia isipokuwa vali ya usalama iliyo kwenye bomba la kuingizia maji baridi. Na vali hiyo, kwa maji yenye chumvi, nayo huganda. Maji yaliyofungiwa yakapita kiwango cha kuchemka hukaa tayari kugeuka mvuke mara tangi likipata ufa, na mvuke huchukua nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile iliyochukuliwa na maji. Tangi likipasuka katika hali hiyo hubomoa ukuta. Kitufe chekundu kikikata, kimekulinda. Kikikata mara ya pili, kinakusihi utafute sababu. Mwambie fundi wako waziwazi kwamba hutaki waya wa kuunga moja kwa moja, hata kwa usiku mmoja, hata kama kuna mgeni.

Vivyo hivyo, kubonyeza kitufe na kuondoka hakutoshi. Huenda hita ikawaka ukifanya hivyo, na huenda ikakaa wiki nzima, lakini kwa kuwa umeshaona mvuke, ninakushauri uache swichi ikiwa imezimwa hadi thamostati ipimwe. Kwa siku hizo chache mchemshie mtoto maji jikoni.

Thamostati mpya inunuliwe kwa kubeba ile ya zamani hadi dukani. Urefu wa ufito uwe uleule, uwezo wake wa ampea usiwe chini ya ule wa zamani, na iwe na kikata joto chake ndani. Ziko thamostati za bei nafuu zisizo na kitufe cha usalama, na muuzaji anaweza kukuambia kwamba zinafanya kazi ileile. Usizikubali kwa hita ambayo iliundwa ikiwa na kikata joto ndani ya thamostati. Ikishafungwa, kirungu kiwekwe karibu na nyuzi 60. Chini sana ya hapo, hasa kati ya nyuzi 20 na 45, tangi huwa mahali pazuri pa kuzaliana bakteria wa lejionela, ambao husababisha homa kali ya mapafu. Juu ya hapo ukoko hujijenga kwa kasi zaidi na hatari ya kuungua inaongezeka. Hata nyuzi 60 zinaunguza ngozi ya mtoto kwa sekunde chache, kwa hiyo kwenye ndoo tangulizeni maji baridi, kisha ya moto.

Maadamu hita itakuwa imefunguliwa, usimruhusu fundi aifunge bila kufanya mambo mengine mawili ambayo hayakufanyika mara ya kwanza. Kwanza, tangi limwagwe lote na lisukutuliwe, kwa sababu ule ukoko uliopasuka kutoka kwenye koili ya zamani haukutoweka. Umelala chini ya tangi, na katika hita nyingine hujaa hadi kuigusa koili mpya na kuanza kuichoma upya. Pili, itazamwe fimbo ya magnesi. Hii ni fimbo inayokaa ndani ya maji pamoja na koili, na kazi yake ni kuliwa na kutu badala ya chuma cha tangi. Ikishaisha, kutu huanza kula tangi lenyewe. Baada ya miaka mitatu kwa maji yenu, sitashangaa ikiwa umebaki waya wa katikati tu. Iwekwe mpya, na baada ya hapo hita ifunguliwe kila mwaka kabla ya majira ya baridi; gasketi ya mlango wa koili, yaani mpira wa kuzuia maji yasivuje hapo, nayo ibadilishwe kila mara, kwani ni kitu cha bei ndogo na ile ya zamani haikai sawa ikishabanwa mara moja.

Swali la lini hita inastahili kununuliwa upya lina jibu fupi. Ukiona maji yakidondoka kutoka kwenye ganda la hita yenyewe, mbali na maungio ya mabomba na mbali na vali, tangi limetoboka na halishoneki. Ukiona maji ya moto yakitoka na rangi ya kutu ilhali ya baridi ni meupe, tangi linaelekea huko. Wewe hukutaja lolote kati ya hayo, wala fundi hakulitaja.

Usichanganye uvujaji huo na matone ya kwenye vali ya usalama. Maji yakipashwa kutoka nyuzi 20 hadi 60 hutanuka kwa takriban asilimia 1.5, yaani karibu robo tatu ya lita kwa tangi la lita 50, na kwa kuwa vali hairuhusu maji kurudi nyuma, kiasi hicho hutafuta njia ya kutokea hapo. Matone wakati hita inapasha ni afya. Ifungiwe kijibomba kinachoteremka hadi kwenye shimo la maji machafu, na mtu yeyote asikizibe kwa sababu ya kuchoshwa na matone. Kama vali ina kishikio kidogo, kinyanyue mara moja kwa mwezi ili maji yapite na chumvi isigande humo.

Liko jambo la mgao wa maji pia, ambalo huua koili nyingi mijini kuliko watu wanavyodhani. Simtanki likikauka na vali ya kuzuia maji kurudi ikiwa mbovu, maji ya hita huweza kunyonywa kurudi kwenye mabomba, na koili ikabaki hewani. Koili iliyowashwa nje ya maji huungua kwa muda mfupi sana. Kwa hiyo maji yakikatika, zima hita. Yakirudi, fungua bomba la moto hadi maji yatoke mfululizo bila kukohoa hewa, ndipo uwashe. Fundi wako naye afuate utaratibu huohuo atakapomaliza kusukutua tangi.

Siku thamostati mpya itakapofungwa, panga uwepo nyumbani. Washa hita maji yakiwa baridi, na uandike saa. Kupasha lita 50 kutoka nyuzi 20 hadi 60 kunahitaji umeme wa uniti 2.3 hivi, na koili ya wati 1,500 itautoa kwa muda wa saa moja na nusu au zaidi kidogo. Umeme ukiwa dhaifu, kwa mfano volti 190, nguvu ya koili hushuka hadi karibu wati 1,000 na kazi hiyohiyo ikachukua zaidi ya saa mbili. Taa ya kwenye hita ikizima yenyewe ndani ya muda huo, chota maji kidogo kwenye ndoo na uyatazame kabla ya kuyagusa: yakiwa ya moto bila kububujika wala kutoa mvuke mzito, na taa ikawaka tena yenyewe baada ya ninyi kuoga, thamostati inafanya kazi yake. Lakini ikiwa saa tatu zimepita, taa bado inawaka, na bomba linaanza kutema kama lilivyotema usiku ule, zima kwenye meni swichi, fungua bomba la moto kwa uangalifu ili joto lipungue, na umpigie fundi siku hiyohiyo, kabla ya kitufe chekundu kulazimika kukata tena.